Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi: Vijana Waliozaliwa Hawaoni na Msongo wa Maisha

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Na mtu anayeutazama mzigo uliomo begani mwa jirani yake hudhani kwamba ndani yake mna usufi tu, kwa vile si yeye anayeubeba. Methali hii yatuonya hasa tunapowatazama vijana waliozaliwa hawaoni, au waliozaliwa na uoni hafifu, ambao wanaishi katika vijiji na mitaa yetu. Tunawasikia wakiimba katika kwaya, tunawaona wakitafuta njia kwa fimbo nyeupe, nasi twasema: "Jamani, kijana huyu ana moyo! Mungu amemjalia subira." Tukishasema hivyo, twaona wajibu wetu umekwisha.

Ndugu wapendwa, katika kurasa hizi twapenda kueleza jambo moja tu. Vijana hawa hukabili msongo wa maisha kwa akili na ustadi ambao wengi hawaujui. Lakini sehemu kubwa ya msongo huo haitoki machoni mwao. Hutoka kwa watu walio karibu nao, na katika mipango ya jamii iliyopangwa kana kwamba wao hawapo. Kwa hiyo, kusifu uvumilivu wa mtu huku mzigo wake ukiachwa vilevile, au hata ukiongezwa, hakuwezi kuitwa upendo wala haki.

1. Kuzaliwa huoni si sawa na kupofuka

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja la mawazo. Mwenye macho akitaka kujua hali ya asiyeona, hufumba macho kwa dakika moja, akajikwaa, akaogopa, kisha akafumbua na kusema: "Kumbe ndivyo wanavyoteseka!" Hapo amejidanganya. Alichokionja ni hofu ya mtu aliyepofuka dakika ileile. Aliyepofuka ukubwani ana msiba wa kuomboleza: alizijua nyuso za watoto wake, aliijua rangi ya mahindi yaliyokomaa, na sasa amenyang'anywa. Aliyezaliwa haoni hakunyang'anywa kitu alichowahi kuwa nacho. Wala haishi gizani, maana giza hulijua yule aliyewahi kuona mwanga. Ulimwengu wake una sauti, harufu, upepo, joto la jua upande mmoja wa uso, na mwangwi wa hatua zake unaomwambia kama amekaribia ukuta au amefika uwanjani. Ndio ulimwengu aliokulia.

Sababu za kuzaliwa na hali hiyo ni nyingi. Wapo waliozaliwa na mtoto wa jicho, wapo wenye presha ya macho ya utotoni, wapo waliorithi kasoro fulani ya jicho, na wapo ambao mama zao walipatwa na ugonjwa wa rubela wakiwa wajawazito. Ndiyo maana chanjo ya rubela, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2014, ni kinga ya macho ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Wapo pia ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwa kawaida huzaliwa na uoni hafifu, kwa vile upungufu wa rangi mwilini huathiri pia ukuaji wa jicho. Basi tunaposema juu ya vijana hawa, tunasema juu ya watu wa namna mbalimbali: yupo asiyeona hata mwanga, yupo anayeona kivuli, na yupo anayesoma maandishi akiyasogeza karibu na pua. Katika sababu hizo zote hamna laana hata moja.

Ikiwa basi kijana huyu hakunyang'anywa kitu, na ulimwengu wake ameuzoea, msongo wake hutoka wapi?

2. Mizani ya msongo

Wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1984 kwamba msongo haumo katika tukio peke yake, wala haumo ndani ya mtu peke yake. Hutokea pale mtu anapopima, kama kwa mizani, yale anayodaiwa na maisha na nyenzo alizonazo za kuyakidhi. Akiona madai yamezidi nyenzo, husongeka. Wakaonyesha pia kwamba binadamu hukabili msongo kwa njia kuu mbili: ama kwa kulishughulikia tatizo lenyewe ili lipungue, ama kwa kuyatuliza maumivu ya moyo yaletwayo na tatizo hilo.

Njia zote mbili zina mahali pake. Aliyefiwa hawezi kumrudisha marehemu, anahitaji kutulizwa. Lakini aliyedhulumiwa shamba hahitaji faraja peke yake. Anahitaji shamba lake. Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kijana asiyeona akiwa na shida, takriban kila mtu humletea faraja, kana kwamba amefiwa. Huambiwa avumilie, huambiwa kwamba subira yavuta heri. Ni wachache wanaomwuliza: je, katika shida hii, ni kipi kinachoweza kuondolewa?

3. Mzigo unatoka wapi?

Kwa wengi, mzigo huanza kuelemea pale ujana unapogeuka kuwa utu uzima. Vijana wengi wa namna hii wamesoma katika shule za bweni, kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa Anglikana, au ile ya Irente karibu na Lushoto, iliyo chini ya Walutheri. Katika shule kama hizo kijana hujifunza maandishi ya nukta nundu, huijua kila kona ya uwanja, na hupata marafiki ambao hawahitaji kuelezwa chochote. Siku ya kumaliza masomo, yote hayo hukoma kwa mkupuo. Anarudi katika kijiji alichokuwa akikijua kwa likizo tu. Karatasi ya nukta nundu haipatikani, marafiki wametawanyika mikoani, na vijia vya kijiji hajavizoea. Wenzake wa rika lake wanaoa, wanaolewa, wanakwenda mjini kutafuta. Yeye anawekewa kiti chini ya mwembe.

Mara nyingi kiti hicho kimewekwa kwa mapenzi mema. Hatumwi dukani, haitwi shambani, haulizwi lolote kuhusu posa ya dada yake wala kuhusu ng'ombe wa kuuzwa. Jamaa huona wanamhurumia. Kumbe mtu mzima asiyeombwa kitu chochote anaambiwa kila siku, pasipo maneno, kwamba hana cha kutoa. Hakuna uchovu unaozidi uchovu wa kukaa.

Kuna tena suala la siri. Kila mtu mzima ana mambo yake: barua ya mchumba, jibu la hospitali, salio la fedha. Asiyeona asipokuwa na chombo cha kumsomea, barua yake husomwa kwanza na mdogo wake, na namba yake ya siri ya kutolea fedha kwenye simu huijua wakala na wote waliosimama karibu. Akienda kwa mganga, swali huelekezwa kwa aliyemsindikiza: "Anaumwa wapi?" Akienda hotelini: "Huyu atakunywa chai?" Anazungumzwa juu yake, mbele yake, kana kwamba pamoja na macho amekosa masikio na akili.

Tusisahau na yale madogo ambayo kwa wingi wake huwa makubwa. Mtu humjia, hushika mkono wake, akabadili sauti na kuuliza: "Mimi nani?" Kwake ni mchezo, kwa kijana ni mtihani unaorudiwa mara kumi kwa siku, na akishindwa huchekwa. Mwingine humshika kwa nguvu na kumvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Mwingine huondoka kimya, akamwacha akizungumza na hewa. Mwenye uoni hafifu ana taabu yake pia: kwa kuwa anaona kidogo, wengi humdhania anaringa asipowasalimu kwa mbali, naye kwa kuona aibu hujifanya anaona. Husoma ubao asiousoma, hushuka ngazi kwa kukisia. Kujifanya huko humchosha kuliko ngazi zenyewe.

Kwa wasichana mzigo ni mzito zaidi. Kuna waovu wanaomvizia binti asiyeona kwa kudhani kwamba hawezi kumtambulisha aliyemtendea ubaya; na wapo wazee wanaolimaliza jambo hilo nyumbani, kwa mbuzi au kwa fedha, wakisema shahidi hakuona. Binti huyo alisikia sauti, alijua harufu, alijua mwendo. Ushahidi wake ni ushahidi, na kuuzima ni kumdhulumu mara ya pili. Kijana anapotaka kuoa au kuolewa, ukoo mzima hukutana kujadili kama "ataweza", hali yeye hakuitwa kikaoni. Na kijana mwenye ualbino hubeba juu ya hayo hofu ya maisha yake, kwa sababu ya mauaji na ukataji wa viungo ulioitia doa nchi yetu, hasa tangu mwaka 2007. Msongo wa namna hiyo hauponywi kwa ushauri nasaha. Huponywa kwa ulinzi, kwa sheria, na kwa kuukataa uchawi waziwazi.

Jambo moja la mwisho katika sehemu hii lajulikana na wachache. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Kwa wengi wasioona hata mwanga, saa hiyo huchelewa kidogo kidogo, hata usingizi ukahama: majuma fulani huja usiku, majuma mengine huja mchana kweupe. Kijana hukesha akigeukageuka kitandani, na mchana husinzia mbele za watu. Huitwa mvivu. Ajuaye jambo hili hatamwita hivyo tena, bali atamsaidia kushika ratiba ya chakula, kazi na mazoezi, na kumpeleka kwa daktari ikibidi.

4. Namna wanavyoukabili

Kijana huyu hakai tu akingoja kuhurumiwa. Wengi wao huanza kwa kulishika tatizo lenyewe. Mwenye miadi katika ofisi asiyoijua huuliza siku iliyotangulia: lango liko upande gani, kuna ngazi ngapi, mlango ni wa kushoto au wa kulia. Hufika mapema kuliko wenzake. Noti huzikunja kila moja kwa namna yake, ya elfu kumi hivi na ya elfu mbili vile, ili asidhulumiwe. Nyumbani kila chombo kina mahali pake, na anayehamisha ndoo au kiti bila kusema amemwekea mtego pasipo kujua. Huku kupanga mbele ni kazi ya akili inayofanyika kutwa nzima, nasi tusiouona tunadhani anatembea tu.

Simu za siku hizi zimeongeza nyenzo katika mizani. Zipo programu zinazosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo cha simu, naye kwa njia hiyo husoma ujumbe wake mwenyewe, hutuma fedha mwenyewe, husoma gazeti. Kwa mara ya kwanza mambo yake yanakuwa yake. Lakini simu ya namna hiyo ina bei, nayo yahitaji umeme na vocha. Kwa kijana asiye na kipato, nyenzo hiyo hubaki dukani.

Njia nyingine ni wenzake. Hakuna anayemwelewa kama yule aliyepita njia ileile. Kwa simu moja kwa rafiki waliyesoma naye atajua ni ofisi gani inayowapokea watu vizuri, ni chuo gani chenye mashine za nukta nundu, na namna gani ya kumjibu shangazi asemaye maneno mabaya. Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimesimama juu ya msingi huo: kwamba wenye shida moja wakikutana, shida huacha kuwa siri ya mtu mmoja ikawa hoja ya watu wengi.

Tena wana mzaha wao. Umeme ukikatika usiku, wenye macho hupiga kelele kutafuta kiberiti, naye asiyeona anaendelea kusoma kwa vidole na kuwaambia watulie, atawaongoza. Kicheko cha namna hiyo hupunguza uchungu, na humrudishia mtu cheo chake mbele ya wenzake. Muziki nao, na sala, ni kimbilio la wengi. Na hatusemi hivyo kwa kudharau. Moyo uliotulia hufikiri vizuri.

Hata hivyo, zipo njia za kuukabili msongo ambazo humla mtu polepole. Wapo wanaojifungia ndani, kwa kuwa kutoka nje kuna gharama kubwa mno. Wapo wanaozama katika pombe. Wapo wanaokubali kila kitu, "ndiyo" kwa kila mtu, kwa sababu wamejifunza kwamba anayelalamika hunyimwa msaada kesho yake. Wengine, wakisongeka, hurudia mazoea ya utotoni ya kuyumbisha mwili au kubonyeza macho kwa vidole, na watu wakanong'ona kwamba wamerukwa na akili. Mazoea hayo yanajulikana sana kwa watoto wanaozaliwa hawaoni, nayo si kichaa.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Yule anayekubali kila kitu ndiye tunayemsifu kwa subira. Kimya cha mtu aliyetulia na kimya cha mtu aliyekata tamaa ni vigumu kuvitofautisha ukiwa mbali. Njia ya kuvitofautisha ni moja: kumwuliza mwenyewe, na kungoja jibu.

5. Imani inapofariji, na inapoongeza mzigo

Sura ya tisa ya Injili ya Yohane yasimulia habari za kijana aliyezaliwa haoni. Mara nyingi twaisoma kwa ajili ya muujiza peke yake, tukayapita mengine. Wanafunzi wanaanza kwa kuuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana anazikataa dhana zote mbili. Kisha majirani wanabishana kama huyu ndiye au siye, hali yeye amesimama hapo akisema kuwa ndiye. Wakubwa wa dini wanamhoji, wanaitana, wanajadili. Wazazi wake, ijapokuwa walisema kwa hofu, wanatoa jibu lenye ukweli mkubwa: kwamba mwana wao ni mtu mzima, na aulizwe yeye, ajieleze mwenyewe. Mwisho wakubwa wanamfukuza kwa kuwa amethubutu kuwajibu. Hata baada ya kuponywa macho, mzigo wake ulibaki uleule: watu wasiotaka kumsikiliza.

Twasikitika kwamba swali lile la kwanza lingali linaulizwa nyakati hizi, na Injili imekwisha kulijibu. Wapo wahubiri wanaomsimamisha kijana asiyeona mbele ya umati, wakamwekea mikono, na macho yasipofumbuka wakasema hana imani, au nyumbani kwao kuna dhambi iliyofichwa. Kijana aliyefika mkutanoni akiwa na mzigo mmoja huondoka akiwa na miwili. Kumwombea mgonjwa ni tendo jema la Kanisa tangu mwanzo. Kumfanya mtu kuwa maonyesho, na kisha kumlaumu, ni dhuluma.

Kanisa lina kielelezo kingine. Mnamo mwaka 1287, huko Metola katika Italia ya kati, alizaliwa Margareta, binti wa kabaila, asiyeona na mwenye ulemavu wa mwili. Wazazi wake waliona aibu, wakamfungia katika chumba kilichoungana na kikanisa. Baadaye walimpeleka katika mji wa Città di Castello kutafuta muujiza kaburini pa mtu mtakatifu. Muujiza usipotokea, wakamwacha hukohuko na kurudi kwao. Familia maskini za mji ndizo zilizompokea. Akiwa kijana alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akawahudumia wagonjwa na kuwatembelea wafungwa hadi kifo chake mwaka 1320. Papa Fransisko alimwingiza rasmi katika orodha ya Watakatifu mwaka 2021. Macho yake hayakufumbuka kamwe. Kilichobadilika ni kwamba alitoka mahali alipofichwa, akaingia mahali alipohitajiwa, na maskini wa Castello wakamfungulia milango yao.

6. Haki kabla ya hisani

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni binadamu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowapokea kazini wenye nguvu kamili peke yao inafanya ubaguzi mzito. Serikali yetu nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Na katika fedha za mikopo ambazo halmashauri hutenga kutoka mapato yao ya ndani, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, asilimia 2 ya mapato hayo ni kwa ajili yao. Haya yote ni haki iliyokwisha kuandikwa. Anayeidai hapigi magoti.

Basi tufanye nini? Mengi hayahitaji hata shilingi moja. Ukimkuta kijana asiyeona, taja jina lako. Ukiondoka, sema unaondoka. Zungumza naye yeye, siyo na mwenzake. Ukitaka kumwongoza, mwulize kwanza, kisha mwache ashike kiwiko chako, nawe utangulie nusu hatua. Nyumbani, mpeni kazi yake, na akikosea mwambieni kama mnavyowaambia wengine. Aitwe kwenye kikao cha ukoo, hasa kile kinachomhusu yeye.

Katika parokia, matangazo yaliyobandikwa ukutani yasomwe pia kwa sauti au yatumwe kwenye simu. Ajuaye nukta nundu apewe masomo ya Misa mapema ayaandike, asome mimbarini. Tusimweke kwaya daima kana kwamba asiyeona ameumbwa kwa ajili ya kuimba. Anaweza kuwa katibu, katekista, mhasibu, mwalimu. Shule, hospitali na ofisi za Kanisa zenye wafanyakazi 20 au zaidi zihesabu asilimia zao kabla ya kuwahubiria waajiri wengine. Na kamati za Haki na Amani ziende kwenye halmashauri zikiwa pamoja na vijana wenyewe, ziulize ni vikundi vingapi vya wasioona vilivyopata mkopo, na kama fomu ya maombi inaweza kusomwa na mtu asiyeona.

Wapo watakaosema: "Hata vijana wenye macho hawana kazi, kwa nini tuwashughulikie hawa kwanza?" Twalijibu swali hili kwa heshima, kwa sababu shida ya ajira ni ya kweli na ni ya wengi. Lakini vijana hao wawili hawaanzi safari mahali pamoja. Tangazo la kazi limebandikwa ukutani. Mmoja alisoma alipopita, mwingine aliambiwa siku tatu baada ya muda kwisha. Walipoitwa wote kwenye usaili, mmoja aliulizwa anajua nini, mwingine aliulizwa atafikaje kazini. Hatuombi asiyeona atangulizwe mbele ya wenzake. Twadai aruhusiwe kuanza pale wanapoanzia wenzake. Ukosefu wa kazi unaowapata wote haufuti dhuluma inayompata mmoja.

Wala hatusemi kwamba haki ikitendeka msongo wote utakwisha. Kijana asiyeona atapendwa na kukataliwa, atafiwa, atafeli mtihani, kama kila binadamu. Hapo atahitaji faraja, nasi tumfariji. Mzigo wa maisha ni wa kila mwana wa Adamu. Ule ambao tumeuongeza wenyewe juu ya bega lake, huo ndio tunaopaswa kuushusha, tena mapema, kabla hatujamsifu kwa jinsi anavyoubeba.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

1. Katika jumuiya yetu kuna vijana wangapi waliozaliwa hawaoni au wenye uoni hafifu? Je, wamo katika kikao hiki? Kama hawamo, kwa nini?

2. Wakiwamo, wapewe nafasi ya kwanza ya kusema: ni jambo gani nyumbani, njiani, kanisani au ofisini linalowasonga kuliko mengine? Wengine wasikilize bila kujitetea.

3. Katika yale yaliyotajwa, ni yapi yanayoweza kuondolewa juma hili bila gharama? Nani atafanya nini, na lini tutaulizana?

4. Je, kuna mtu kati yetu tunayemsifu kwa uvumilivu, ambaye hatujawahi kumwuliza hali yake?